Usiulize Nani Ananunua Ndege, Uliza Nani Anadai

Leo hakuna vidio. Kamera imelala, mimi nimekaa kwa ngazi za ploti yetu hapa Ayany, na juu ya kichwa changu kuna Cessna inapiga raundi ya nne tangu asubuhi. Kama umelelewa Kibera unaijua hiyo sauti. Wilson iko hapo tu ng'ambo, na sisi watoto wa huku tulijua kutofautisha ndege kwa masikio kabla hatujajua kusoma. Hii ni ya wanafunzi, ile ni ya Mara, ile nzito imejaa miraa inaenda Somalia.

Nataka tuongee kuhusu ndege. Lakini si ndege kama picha ya kupiga ukiwa dirishani. Nataka tuongee kuhusu nani huwa anabaki na ndege wakati kampuni inaanguka. Hii historia hakuna mtu alinifunza shule, na chuo nilitoka mwaka wa pili kabla sijafika popote, kwa hivyo hizi ni vitu nimesoma mwenyewe usiku na simu ya kupasuka kioo.

Nilianza juu ya beshte yangu. Mtaani tunamwita Kapteni. Mamake aliuza shamba kidogo nyumbani, chama kikaongeza, na jamaa akamaliza masomo ya urubani. Ako na laiseni ya biashara na masaa yake mia mbili na kitu. Ukisikia hivyo unafikiri maisha imejipa. Haijajipa. Laiseni ya kwanza haikuruhusu kuendesha kila ndege. Zile ndege kubwa za abiria, kila aina inataka mafunzo yake na karatasi yake. Ukisomea Dash 8 huwezi kuamka kesho uendeshe ATR. Na hayo mafunzo ni pesa ndefu, mara nyingi unajilipia mwenyewe. Kwa hivyo Kapteni ako na pesa ya kuchagua mara moja. Akichagua ndege ambayo kampuni za huku zinaenda kuiacha, shamba la mamake limeenda hivyo tu.

Sasa fikiria jamaa wa namna hiyo akikaa kwa kibanda cha chapo ndengu kando ya Lang'ata Road. Hapo wanakula wanafunzi wa urubani, mafundi, na saa zingine marubani wenyewe na mashati meupe. Nimeenda naye mara kadhaa. Stori ni moja kila siku: nani ananunua nani. Ati kuna kampuni ndogo hapa Wilson inauzwa. Ati watu wa Ghuba wanaingia. Ati Fokker zinatoka, Dash zinaingia. Ati hapana, ni ATR. Kila mtu ako na binamu ndani ya ofisi fulani. Kapteni anasikiza kama mtu anayesikiza matokeo ya hospitali.

Sitaki kuwacheka. Hizo si stori za jaba. Mtu ambaye mkate wake unategemea aina ya ndege lazima akisie. Shida yangu ni kwamba wanauliza swali lisilofaa. Wote wanauliza, "Nani ananunua?" Nikisoma historia ya ndege za hapa kwetu, naona jibu la hilo swali limekuwa likikosewa tangu mwanzo. Swali lenye jibu ni, "Nani anadai?"

Tuanze na huo uwanja wenyewe. Wilson si jina la mtaa. Ni jina la mama mmoja, Florence Kerr Wilson, mjane, ambaye mwaka wa 1929 alianzisha kampuni ya Wilson Airways hapa Nairobi akiwa na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege ndogo ya Gipsy Moth. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wanabeba barua na abiria mpaka Tanganyika na Uganda. Ilikuwa biashara ya walowezi, tusijidanganye, babu zetu hawakuwa kwa kiti cha nyuma. Halafu 1939 vita vikaja. Serikali ya kikoloni ikachukua ndege na marubani ikawaingiza jeshini. Vita vilipoisha, Wilson Airways haikurudi. Hakuna aliyeinunua. Ilimezwa tu, na ikabaki jina kwa uwanja.

Januari 1, 1946 ikaanza nyingine, East African Airways. Hii ndiyo wazee wakiitaja macho yanabadilika. Ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja. Ilianza na ndege sita za Dragon Rapide, zile za mabawa mawili, moja juu ya lingine. Ukihesabu miaka ishirini tu mbele, 1966, hiyo hiyo kampuni inaendesha Super VC10, ndege ya injini nne zote zimekaa mkiani, inatoka Nairobi inaenda London. Na katikati hapo, 1960, walikuwa wameshapata Comet, ndege za jeti wakati sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado na za pangaboi.

Nataka uangalie kitu kimoja kuhusu hizo VC10. Kila ndege duniani ina namba yake ya usajili, na mwanzo wa namba unaonyesha nchi. Kenya ni 5Y. Uganda ni 5X. Tanzania ni 5H. East African Airways ilinunua Super VC10 tano, na usajili ukagawanywa: mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Kampuni moja, rangi moja, lakini mkiani kila nchi imeandikwa. Mimi nilipoona hiyo orodha nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ni kama ndugu watatu wamenunua matatu moja, halafu kila mmoja ameandika jina la mtoto wake kwa mlango tofauti.

Moja, ile 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa Aprili 18, 1972 ikijaribu kupaa. Watu 43 walikufa. Zikabaki nne.

Shida kubwa ilikuwa nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa 1967 na shirika la ndege likawa mali yake, pamoja na reli, bandari na posta. Halafu 1971 Amin akapindua Uganda, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Viongozi hawaketi, na kampuni yao ina madeni. Kenya inalalamika kwamba inabeba mzigo peke yake. Tanzania na Uganda zinasema Nairobi imejikalia na kila kitu, makao makuu, karakana, kazi. Kila mtu alikuwa na ukweli kidogo, na hiyo ndiyo ilifanya iwe ngumu.

Mwisho wa Januari 1977 ndege zikasimama. Kenya Airways ilikuwa imeandikishwa Januari 22, na Februari 4 ikaruka, kwa Boeing 707 za kukodi kutoka British Midland ya Uingereza. Siku zile zile Tanzania ikafunga mpaka. Machi ikaanzisha Air Tanzania. Uganda ilikuwa tayari imejiundia Uganda Airlines mwaka uliotangulia.

Sasa hapa ndipo nilikwama usiku mzima. Nikajiuliza: kama Kenya ilikuwa na marubani wa VC10, na VC10 nne zilikuwepo, mbona Kenya Airways ilianza na ndege za kukodi?

Kuna mzee kwenye ploti yetu, chumba cha pili kutoka kwa ngazi, ambaye ujanani alifanya kazi za mikono huko Embakasi. Nikamwuliza, "Mzee, zile VC10 zilienda wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa mke wa kwanza alienda wapi. "Zilirudi kwa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani? Si zilikuwa zetu?"

"Kijana, kitu haujamaliza kulipa si chako."

Nikaenda kutafuta, na mzee alikuwa sawa. Deni lilikuwa bado lipo. Watengenezaji, British Aircraft Corporation, walizichukua zote nne zikarudi Uingereza. Jeshi la anga la Uingereza likazinunua, likazitoboa, likazijaza matangi, zikawa ndege za kumwagia ndege zingine mafuta zikiwa angani. Zile 5H, 5Y na 5X zikafutwa zikaandikwa namba za kijeshi, ZA147 mpaka ZA150. Mwaka wa 1991 kwenye vita vya Ghuba, ndege ambazo zilijengewa kubeba watu wetu zilikuwa zinapea ndege za kivita mafuta juu ya jangwa. Za mwisho ziliruka Septemba 2013. Mbili. Zote zilikuwa zetu. Moja yao, ile iliyokuwa 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, na leo imehifadhiwa Uingereza na jumba la makumbusho la Brooklands.

Soma hiyo tena polepole. Mwaka wa 1977 kila mtu hapa alikuwa anabishana ni nani kati ya Kenya, Uganda na Tanzania atachukua ndege. Hakuna hata mmoja aliyezichukua. Zilienda kwa aliyekuwa anadai.

Na kugawana kile kilichobaki kulichukua miaka saba. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, ndiye aliyepatanisha, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wafanyakazi wa Jumuiya waliendelea kudai malipo yao ya uzeeni miaka mingi baada ya hapo, wengine mpaka kortini. Angalia foleni ilivyokuwa: mwenye deni kubwa alilipwa kwanza, serikali zikafuata, na aliyebeba mizigo akawa wa mwisho.

Wewe utasema hiyo ni zamani. Sawa, tuje karibu.

Mwaka wa 1996 serikali iliuza Kenya Airways. KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, serikali ikabaki na 23, na hisa zingine zikauzwa kwa wananchi na wawekezaji kupitia soko la hisa la Nairobi. Zilikuwa shilingi 11.25 kila moja. Walimu, manesi, makarani, watu zaidi ya laki moja walinunua. Miaka ya kwanza ilikuwa tamu, tusinyime haki yake. Kampuni ilipata faida, ikaagiza Boeing mpya, na 2003 ikanunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania. Wakati huo sisi ndio tulikuwa wanunuzi.

Jirani naye alikuwa ashajaribu. Mwaka wa 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania. 2006 wakaachana, na Air Tanzania ikabaki hoi mpaka serikali ilipoifufua 2016 na ndege mpya za Q400. Kabla ya hapo, Uganda, Tanzania na hao hao wa Afrika Kusini walikuwa wamejaribu Alliance Air, ikafa 2000. Uganda Airlines nayo ilifungwa 2001, ikarudi 2019 na CRJ900. Fastjet ilitua Dar es Salaam Novemba 2012 na Airbus na nauli za kuvunja soko, na mwisho wa 2018 ilikuwa imesimamishwa. Ukichora hii yote kwa karatasi inafanana na mapenzi ya chuo. Kila mtu ashawahi kuwa na kila mtu.

Halafu kwa Kenya Airways bili ikafika. Ndege ziliagizwa nyingi kwa mkopo, watalii wakapungua, kila kitu kikapigana na kila kitu. Mwaka wa fedha wa 2015/16 hasara ilikuwa shilingi bilioni 26.2. Fanya kuangalia ni nini kilitoka kwanza. Ni ndege. Boeing 777 kubwa tatu, zile za 300, zikakodishwa Turkish Airlines. Dreamliner mbili zikaenda Oman Air. 777 za zamani zikauzwa. Sasa kumbuka ile karatasi ya Kapteni. Rubani aliyekuwa na karatasi ya 777 aliamka akapata ndege yake iko Istanbul. Wengine walibadilisha ndege, wengine wakahama kwenda Ghuba.

Miaka hiyo uvumi ulikuwa ni mgeni gani anakuja kununua. Mwaka wa 2017 jibu lilitoka na halikuwa mgeni. Mabenki ya hapa hapa Nairobi, zile zenye mawakala kwa kila kona ya Kibera, yaligeuza madeni yao kuwa hisa. Yakaamka na asilimia 38.1 ya kampuni. Serikali, ambayo pia ilikuwa inadai, ikawa na 48.9. KLM ikashuka mpaka 7.8. Wale wananchi wadogo wa 1996 pamoja na wengine waliosalia wakabanwa kwa kama asilimia 3. Hakuna mtu aliyewanyang'anya karatasi. Karatasi ilibaki kabatini, keki ndiyo ilikatwa upya.

Miaka ishirini baada ya kuuzwa, "mnunuzi" alikuwa yule yule wa 1977. Ni anayedai.

Na kama bado unaona nalazimisha, angalia Agosti 2019. Airbus A220 mpya ya Air Tanzania ilitua Johannesburg ikazuiliwa hapo hapo uwanjani. Si Air Tanzania iliyokuwa imekosa. Kulikuwa na mkulima aliyekuwa anadai serikali ya Tanzania fidia ya mali iliyotaifishwa miaka ya themanini. Deni la shamba likashika ndege. Iliachiliwa baada ya korti kuamua, lakini somo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini buda, madeni si mabaya, kila kampuni ya ndege duniani inakopa." Kweli kabisa. Hakuna mtu huenda dukani na gunia la pesa kununua Dreamliner. Na sijasema kampuni zetu haziwezi. Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka wa 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja, na Januari 2025 hisa zake zikarudi sokoni baada ya kusimamishwa tangu 2020. Nilifurahi kama mtu anayemiliki hata tairi. Ninachosema ni kwamba mkopo una macho. Unajua ndege iko wapi, imesajiliwa wapi, na itaenda wapi siku ukichelewa. Sisi ndio hatujui.

Novemba 2021 Kenya Airways na South African Airways waliweka sahihi makubaliano ya kuunda kundi moja la ndege la Afrika. Pale kibandani hiyo peke yake ilitosha kupika uvumi wa mwaka mzima. Ndege zitakuwa za aina gani? Makao yatakuwa wapi? Marubani wa nani watapewa kwanza? Nikikumbuka Nairobi na Dar na Kampala wakibishana miaka ya sabini, naona ni maswali yale yale, watu tu ndio wapya. Si vibaya kuungana. Ningependa siku moja nipande ndege ya Afrika Mashariki. Lakini ningetaka kwanza kuona ukurasa wa madeni kabla ya kuona rangi ya mkia.

Jana nilimwambia Kapteni haya yote, kwa kibanda, chapo zikipoa. Akanisikiza mpaka mwisho halafu akasema, "Sawa mwanahistoria. Sasa mimi nifanye aje? Nisomee Dash ama ATR?"

Ukweli ni kwamba sina jibu hilo, na nikijifanya ninalo nitakuwa kama hao wengine wa binamu ofisini. Nilimwambia nitakachofanya mimi kama ningekuwa yeye. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa lazima zitoe hesabu zao kwa umma. Jambojet ilianza 2014 na Boeing 737 kuukuu za Kenya Airways, ambayo ndiyo mama yake, leo inaendesha Dash 8 Q400. Hesabu za mama ziko hadharani. Precision nayo, inaendesha ATR, iko soko la hisa la Dar tangu 2011. Ndege ngapi ni za kampuni, ngapi ni za kukodi, ukodishaji unaisha mwaka gani? Zile za kukodi zinazoisha karibuni ndizo zitaondoka kwanza. Hiyo haikupi uhakika, lakini ni afadhali kuliko binamu.

Akatoa kalamu akaandika nyuma ya karatasi ya kufungia chapati. Mwenye ndege. Mwisho wa kukodi. Nani anadai. Halafu akauliza kama naweza kumsaidia kusoma hesabu kwa sababu zile kurasa zinaumiza kichwa. Kwa hivyo wiki hii mimi, msee wa kuacha chuo, nasoma ripoti za mwaka za kampuni mbili za ndege nikiwa na kikokotoo. Mamake Kapteni hajui. Anajua tu mtoto anatafuta kazi.

Nikimaliza nitawaletea vidio yake. Kwa sasa nataka kitu kimoja kutoka kwenu. Kama mzazi wako ama shosho alinunua zile hisa za 1996, mwulize cheti kiko wapi, na mwulize alikuwa anafikiri ananunua nini. Ama kama kuna mzee kwa ploti yenu aliyefanya East African Airways, kaa naye. Usianze na siasa. Mwulize tu ndege zilienda wapi, halafu nyamaza usikize.

Niandikie hapa chini. Cessna yetu imerudi tena, hiyo ni raundi ya tano.